Mwalimu, Mbona Unakimbia?

Kwetu mwanamke wa makamo hakimbii bila sababu. Ukimwona mama wa miaka 54 anakimbia kwenye barabara ya udongo kabla jua halijachomoza, kuna jambo: nyumba inaungua, mtoto amezidiwa, au kuna mtu ameaga. Ndiyo maana asubuhi ya kwanza nilipotoka langoni kwangu, huku juu ya Kianjokoma, Embu, nikashika njia ya mashamba ya chai mbio, jirani yangu alitoka zizini na ndoo ya maziwa mkononi, uso umembadilika.

"Mwalimu, ni nani?"

Hakuuliza ni nini. Aliuliza ni nani, maana alikuwa ameshaamua kwamba kuna msiba, kilichobaki ni jina.

"Hakuna mtu, mama. Nakimbia tu."

"Unakimbia tu?"

Alibaki ameshika ua wa nyumba yake akinitazama hadi nikapinda kona. Sikumlaumu. Kama ni mimi ningemwona yeye akikimbia saa ile, ningeacha chai jikoni nimfuate.

Nimefundisha shule ya msingi kwa miaka 29 na kila mwaka nimeliona jambo lilelile. Wasichana wa miaka tisa, kumi, hawatembei. Ukimtuma chaki anakimbia, ukimtuma maji anakimbia, akienda nyumbani anakimbia na mkoba unamgongagonga mgongoni. Wakifika miaka 13 au 14 wanaacha. Hakuna anayewakataza kwa maneno. Wanaacha tu, kana kwamba kengele imelia. Yule mwenye kipaji anachukuliwa kwenda mashindano ya kanda na ya kaunti, wenzake wanakaa kwenye nyasi wanashangilia, na tangu siku hiyo kukimbia kunakuwa kazi ya mtu mwingine.

Nchi nzima tuko hivyo. Tunajua kwa kichwa kwamba Eliud Kipchoge alimaliza kilomita 42 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 pale Vienna mwaka 2019. Tunajua kwamba marehemu Kelvin Kiptum alikimbia saa 2 na sekunde 35 tu pale Chicago, Oktoba 2023, na tulimlia mwaka uliofuata kama mtoto wetu. Tunawapenda, na tuna kila haki ya kuwapenda. Lakini tumewaachia wao miguu yetu. Huku upande wa mashariki wa Mlima Kenya, ule tunaouita Kirinyaga, Embu na Meru, tunahesabu kwamba mbio ni za watu wa Iten na Eldoret, na sisi ni watu wa chai, kahawa, makadamia na miraa.

Mimi nilifumbuliwa macho mbali na nyumbani, katika shamba la zabibu.

Binti yangu alikuwa akisoma Stellenbosch, Afrika Kusini, nami nikaenda kumwona likizo ya Agosti. Ijumaa jioni akaniambia, "Mami, kesho uvae raba, tunaenda kukimbia." Nikamuuliza ni nani anayekimbia. Akasema, "Sisi sote. Ni bure." Nilidhani ananitania, kwa sababu tangu nizae mtoto wa mwisho sikuwa nimekimbia hata kufukuza matatu.

Mahali penyewe panaitwa Root 44, kando ya barabara ya R44 inayotoka Stellenbosch kwenda Somerset West. Ni shamba la mizabibu lenye soko la mwisho wa wiki, na upande mmoja mlima wa Helderberg umesimama kama ukuta wa buluu. Agosti kule ni kipupwe, nyasi zimelowa, pumzi inatoka mdomoni kama moshi. Mizabibu ilikuwa mitupu, imekatwa matawi hadi kubaki visiki vyeusi vilivyopinda, nami nikakumbuka mibuni ya baba yangu baada ya kupogolewa. Mtu asiyejua angedhani imekufa. Mkulima anajua imepumzishwa.

Saa mbili kamili asubuhi tulikuwa pale watu mamia. Nilikuwa nimejiandaa kuona vijana wembamba wenye kaptura fupi. Walikuwapo, wachache, mbele. Nyuma yao nikaona wazee wa rika la marehemu mama yangu, akina baba wakisukuma vigari vya watoto, mwanamke mjamzito, mbwa wenye kamba shingoni, na watoto wa shule wanasukumana. Mtu mmoja mwenye kizibao cha kung'aa, kama rifleketa za watu wetu wa bodaboda, alipanda juu ya kitu akauliza ni nani aliyekuja mara ya kwanza. Binti yangu akauinua mkono wangu. Watu nisiowajua wakanipigia makofi, na sikuwa nimefanya chochote bado.

Nilikimbia, nikatembea, nikakimbia tena. Nilimaliza kwa dakika 47. Kwenye mstari wa mwisho nikapewa kipande kidogo cha plastiki chenye namba, na mtu mwingine akanionyesha pa kukirudisha ili jina langu liandikwe. Hakuna aliyeniomba hata senti. Waliotaka kahawa au mkate walikwenda sokoni wakanunua, waliotaka kwenda nyumbani walikwenda. Mimi nilikaa kwenye benchi nikitazama waliokuwa bado njiani, na nilichokiona ndicho kilichonifanya niandike haya: kila aliyefika, hata wa mwisho kabisa, alipokelewa na mtu aliyekuwa bado amesimama pale akimngoja.

Kwa asiyejua, mpango huu unaitwa parkrun. Ulianza tarehe 2 Oktoba 2004 katika bustani ya Bushy Park, Teddington, kusini magharibi mwa London. Aliyeuanzisha, Paul Sinton-Hewitt, alikuwa mkimbiaji aliyeumia asiweze kukimbia. Badala ya kukaa nyumbani akinung'unika, aliwaita wenzake waje wakimbie kilomita tano, yeye apime saa, halafu wanywe kahawa pamoja. Walikuja 13. Leo ni jambo la kila Jumamosi katika nchi nyingi. Afrika Kusini lilipokewa mwaka 2011 kupitia Bruce Fordyce, yule bingwa aliyeshinda mara tisa mbio za Comrades, zile za karibu kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg. Nafurahi kwamba mtu aliyezoea ushindi wa namna hiyo ndiye aliyehangaika kutafuta njia kwa ajili ya wanaotembea.

Utaratibu wake ni rahisi. Unajiandikisha mara moja tu kwenye intaneti, bure. Unapata kadi yenye mistari myeusi, kama ile iliyo nyuma ya pakiti ya unga, na hiyo ndiyo inayosomwa ukimaliza. Umbali ni kilomita tano kila mahali, kila wiki. Kazi zote, kuanzia kupima saa na kusimama kwenye kona kuelekeza watu hadi kuandika majina, zinafanywa na watu wa kujitolea, na wiki ijayo anaweza kuwa wewe. Na kuna kazi moja niliyoipenda kuliko zote: mtu mmoja anateuliwa kutembea nyuma ya kila mtu, asimpite yeyote, ili asiwepo mkimbiaji atakayesema "mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho".

Nilirudi Embu na wazo hilo kama mtu aliyebeba mche kwenye mkoba.

Huku hatuna tawi la mtandao huo, na sikutaka kungoja liletwe. Nilijiuliza kinachohitajika ni nini hasa. Njia ya kilomita tano isiyo na magari mengi. Saa. Daftari. Watu wawili watatu wenye subira. Vyote vipo. Januari tulianza wanne: mimi, mwalimu mwenzangu, kijana mmoja wa bodaboda ambaye mgongo ulikuwa unamsumbua kwa kukaa, na mama mchuma chai ambaye alisema anatembea kilomita nyingi kuliko sisi sote, basi hana cha kuogopa. Na kweli siku hiyo alituacha sote.

Njia yetu inapita kwenye mpaka wa chai na msitu. Wanaoishi huku wanajua kwamba juu ya mashamba yetu madogo kuna mkanda wa chai ya serikali, Nyayo Tea Zone, uliopandwa kuanzia mwaka 1986 kuuzunguka msitu ili watu wasiendelee kuukata wakipanda juu. Chini ya mkanda ni sisi, kila familia na mashina yake. Juu yake ni miti mikubwa ya mlima, na waya wa umeme wa kuzuia ndovu. Unapokimbia pale saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mkono mmoja una kijani kilichopunguzwa sawasawa kama meza, mkono mwingine una giza la msitu linalotoa ubaridi kama mlango wa pango. Kukiwa hakuna ukungu, kilele cha Kirinyaga kinaonekana chote, theluji kidogo iliyobaki na mawe meusi, mita 5,199 juu ya bahari. Nimeona mashamba ya zabibu yanayowafanya watu wapande ndege kwenda kuyatazama. Hayatushindi kwa uzuri. Sisi tumezoea tu.

Tukifika kilomita ya pili na nusu, penye banda la kukusanyia majani chai, tunageuka. Banda linakuwa tupu saa ile, maana wachumaji ndiyo kwanza wanafunga aproni za plastiki na kuvaa gambuti. Wanatupungia mikono kutoka ndani ya mashina. Mwanzoni walikuwa wakituuliza tunalipwa shilingi ngapi. Nililichukua swali hilo kwa uzito, kwa sababu mtu anayelipwa kwa kilo, anayechuma majani mawili na chipukizi tangu asubuhi hadi mgongo ugome, ana haki ya kuuliza mwili unachoshwa bure kwa nini. Mmoja wao aliponiuliza, sikumpa hotuba. Nilimwambia daktari alipima presha yangu akakuta 158 kwa 96, na kwamba dawa nakunywa, lakini na hili nalo aliniandikia. Akanyamaza, akasema mumewe naye ana presha, na hakai chini kwa sababu ya kazi, anakaa chini kwa sababu ya kukosa kazi. Wiki mbili baadaye mumewe alikuja.

Kuna hesabu ambayo ni vizuri kila mtu aijue. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kutosha kumfanya apumue kwa nguvu kidogo, au nusu ya hizo kama anakimbia hasa. Kilomita tano za Jumamosi zinanipa mimi dakika 36 siku hizi. Hazitoshi. Kwa hiyo Jumatatu hadi Ijumaa natembea kwenda shuleni na kurudi, dakika 20 kila upande, na sipandi pikipiki. Mwenye presha, kisukari au moyo, au aliyekaa miaka bila kutoka jasho, aende akapimwe kwanza kabla ya kuja kwetu, na akija atembee mwezi mzima kabla hajajaribu kukimbia. Hili nalisema kila Jumamosi kabla hatujaondoka, hata kama wote wamelisikia.

Sasa niwaambie habari ya namba zetu, kwa sababu nazipenda.

Tulikosa vile vipande vya plastiki. Fundi seremala mmoja pale sokoni akachukua tawi la mukima, ule mti tunaoupanda mipakani na katikati ya kahawa, unene wake kama kifundo cha mkono, akalikata kwa msumeno vipande 60 vyembamba kama biskuti. Akatoboa tundu katika kila kimoja. Kisha akaweka msumari kwenye makaa hadi ukawa mwekundu, akaanza kuandika: moja, mbili, tatu, moshi mwembamba unapanda na harufu ya mti mbichi inayoungua imejaa karakana. Alipofika tisa akasimama. Akakigeuza kipande, kikawa sita. Akachora mstari chini ya tisa, akarudi kuchora chini ya sita, akaendelea. Alipomaliza akavipanga kwenye waya mmoja mrefu uliokunjwa kama hanga ya nguo. Nilipomuuliza bei alisema nitamlipa kwa kumfundisha mjukuu wake hesabu za kugawanya. Mjukuu sasa anajua kugawanya, na ndiye anayeushika ule waya kwenye mstari wa mwisho.

Saa inapimwa na msichana wa miaka 13 kwenye simu yangu. Anabonyeza kila mtu anapovuka mstari. Mkimbiaji anachukua kipande cha mti, anatembea hatua kumi hadi kwenye meza, anataja namba yake na jina lake, naandika kwenye daftari la hesabu lenye miraba. Mwisho tunalinganisha. Kama namba 17 kwenye simu ni dakika 33 na sekunde 8, basi namba 17 kwenye daftari ndiye mwenye dakika hizo. Mtoto wa miaka 13 ameshika kazi hiyo mwaka mzima hajakosea ila mara moja, na aligundua mwenyewe. Na akimaliza, kabla hatujanywa chai, anakimbia mzunguko wake peke yake, mimi nampimia. Huyo hajaacha. Hilo moja kwangu linatosha kuamka.

Chai tunaileta kwenye chupa, na nduma zilizochemshwa zimefunikwa kwa kitambaa. Maziwa yanatoka kwa yule jirani yangu wa ndoo. Hakimbii, anasema magoti yake ameshayatumia, lakini saa moja na nusu yuko pale na kibuyu cha plastiki cha lita tatu, na anajua muda wa kila mtu kuliko mimi.

Kwa nini nasisitiza bure? Kwa sababu tumeshajaribiwa. Tulipofika watu 30 hivi, alikuja mtu akisema atatutafutia fulana nzuri, na kiingilio kiwe shilingi 200 tu ili tuwe na "kitu cha maana". Mwingine, mwenye nia ya kugombea, alitaka picha yake iwe mgongoni mwa fulana hizo. Wenzangu wengine walivutiwa, na siwalaumu, kwa sababu fulana mpya ni fulana mpya. Tulikaa kwenye nyasi tukazungumza karibu saa nzima. Yule mama mchuma chai ndiye aliyemaliza mjadala. Alisema mia mbili kwake ni unga wa siku, na kwamba siku ambayo hana mia mbili ndiyo siku anayoihitaji Jumamosi hii zaidi. Hakuna aliyeongeza neno. Tuliwashukuru wale wageni, tukawakaribisha waje wakimbie. Mmoja alikuja kweli.

Sisemi mbio za kulipia ni mbaya. Kule Meru, upande wa kaskazini wa mlima, kuna Lewa, ambako tangu mwaka 2000, kwa kawaida kila Juni, watu kutoka duniani kote wanakimbia kilomita 21 au 42 ndani ya hifadhi yenye vifaru na ndovu, askari wa wanyamapori wakilinda njia na helikopta ikizunguka juu. Fedha zake zinasaidia uhifadhi, shule na zahanati. Nimekwenda kutazama, na mwili ulinisisimka nilipoona watu wanavuka nyika ya manjano mstari mmoja mrefu, pundamilia wamesimama mbali wanashangaa. Ni jambo kubwa la kujivunia. Lakini ni mara moja kwa mwaka, lina kiingilio, na kwa mtu wa Nkubu au Maua asiye na gari ni safari ya kupangia. Mwili wa mtu unaishi kila wiki.

Ndugu yangu anayekaa Meru mjini, karibu na Kaaga, alikuja kwetu Pasaka akakimbia nasi, akarudi na wazo. Kule amekuta mambo tofauti na yetu, na nayataja kwa sababu msomaji anayetaka kuanzisha atayakuta pia. Kwanza ni msitu. Msitu wa Imenti uko mlangoni mwa mji, una miti ya muuru mikubwa ambayo ingekuwa kivuli cha ajabu cha kukimbilia, lakini ndovu hupita mle, na mtu haingii na kundi la watoto asubuhi na mapema kwa kutegemea bahati. Wakaamua kuzunguka uwanja wa shule kwanza, halafu njia ya ndani katikati ya kahawa na migomba, kilomita mbili na nusu kwenda na mbili na nusu kurudi kama sisi. Pili ni siku. Baadhi ya waliotaka kuja ni Wasabato, na Jumamosi asubuhi wako kanisani. Walijaribu Jumapili alasiri, wakakosa wengine. Sasa wana Jumamosi asubuhi na Jumapili jioni, daftari moja, kurasa mbili. Naona ni ufumbuzi mzuri kuliko kubishana siku ya Mungu ni ipi. Tatu, barabara kuu. Ile lami ya Embu kwenda Meru, inayopanda na kushuka mabonde ya Ena, Thuchi, Nithi na Mutonga, si mahali pa kukimbia. Ni nzuri kwa macho, na magari yanakwenda kasi ambayo hata ndani ya matatu nashika kiti. Tafuteni njia za ndani. Ziko nyingi, zilichimbwa kwa ajili ya lori za chai na kahawa, na asubuhi ya Jumamosi ni zenu.

Jambo lingine la huku ni mavazi. Akina mama wengi waliniambia kwamba wangekuja ila hawawezi kuvaa suruali mbele ya wakwe. Nikawaambia waje na leso. Wako wanaokimbia na sketi ndefu na leso imefungwa kiunoni, na mmoja kati yao ana muda bora kuliko wangu. Viatu vyangu mwenyewe ni raba za mtumba, nilizinunua sokoni Embu kwa shilingi 900, na kabla ya hapo nilikimbia miezi miwili kwa viatu vya shuleni. Msichana anayepima saa anakimbia pekupeku, na sijawahi kumwambia abadilishe.

Julai ndiyo mtihani. Wenyeji wanajua ule mwezi: ukungu unashuka hadi kwenye madirisha, manyunyu hayaishi, jua hulioni siku tano. Watu wanapungua. Jumamosi moja, mbali na sisi wenye zamu, walikuja saba. Mmoja wa hao saba ni mzee wa miaka 71 aliyepata kiharusi, mkono wa kushoto hauna nguvu, anatembea na fimbo. Yeye haendi kilomita tano. Anakwenda hadi kwenye mti wa kwanza wa mparachichi na kurudi, inamchukua dakika 50. Siku hiyo zamu ya mkia, ndivyo tunavyoiita kazi ya kutembea nyuma, ilikuwa yangu. Tulitembea katikati ya ukungu, hatuoni mbele zaidi ya mashina kumi ya chai. Alinisimulia jinsi baba yake alivyopanda kahawa ya kwanza, na jinsi yeye alivyokuwa akikimbia na barua za chifu kutoka kijiji hadi kijiji akiwa kijana. "Nilikuwa natumwa mimi kwa sababu nilikuwa na mbio," alisema. Fimbo ilikuwa inazama kwenye udongo mwekundu, anaing'oa, inazama tena. Tulipofika mwisho wote sita walikuwa bado pale, wamelowa, na yule mtoto wa waya akampa namba saba kwa mikono miwili.

Mvua kubwa za Aprili zilikuja na jambo ambalo silisahau. Tulikuwa tumeanza tu, watu 22, tukakuta lori la majani chai limekwama kwenye tope penye mteremko, tairi za nyuma zimezama nusu. Limelala pale tangu usiku. Majani yaliyokusanywa jana yake yalikuwa yameanza kupata joto ndani ya magunia, na majani yakipata joto namna ile kiwanda hakiyataki. Ni jasho la watu tunaowajua. Dereva alikuwa amekaa kwenye jiwe ameinamisha kichwa. Hakuna aliyetoa amri. Kijana wa bodaboda alikwenda kukata matawi ya mukima, akina mama wakaanza kubeba mawe kwa leso zao, sisi wengine tukaweka mabega. Tulisukuma, likarudi. Tukasukuma tena, likarudi na kuturushia tope hadi kwenye meno. Mara ya tano likatoka, likapanda mteremko likinguruma, na dereva hakusimama hata kushukuru kwa kuogopa kukwama tena, alitoa tu mkono dirishani akapunga mpaka akapotea.

Saa ilikuwa imeshapita mbili. Kilomita tano hatukukimbia. Msichana wa simu aliniuliza aandike nini, kwa kuwa alikuwa ameanzisha saa na hakuna aliyevuka mstari. Nilimpa daftari. Ukurasa wa siku hiyo una majina 22, safu ya dakika iko wazi kutoka juu hadi chini, na pembeni kuna alama za vidole vya udongo mwekundu ambazo hazijatoka hadi leo.